Dagaa Amekaa Matanga Mlangoni

Usiku wa jana, binti yangu Zuwena akiwa amelala na titi mdomoni, niliota vyakula nilivyokatazwa vimekuja kukaa matanga nje ya mlango wetu.

Wametandika mkeka. Yai amejitanda kanga kichwani. Maharage wamebanana ukutani. Kabichi analia kwa kwikwi. Dagaa mmoja mkavu amekaa pembeni, amenyoosha miguu, ingawa dagaa hana miguu.

"Poleni na msiba," nawaambia. "Amefariki nani?"

"Bado," anajibu yai. "Tumewahi tu, tupate pa kukaa."

Mama mkwe wangu, Bi Mize, ana sheria moja: mtoto akilia, kosa ni la chakula alichokula mama yake mara ya mwisho. Zuwena alilia nilipokula maharage, maharage yakapigwa marufuku. Akalia nilipokula yai, kisha kabichi. Akalia nilipokula dagaa, eti shombo limeingia kwenye maziwa. Nikabaki na uji wa pilipili manga na chai ya rangi. Zuwena bado analia, na kliniki mara ya mwisho mizani haikusogea.

"Mimi naelewa," anasema haragwe mmoja. "Nina sifa zangu. Lakini yai jamani! Yai kamkosea nani?"

"Niacheni," anasema yai. "Nikianza kulia mimi nitapasuka."

Bi Mize anatoka na ufagio. "Nani kawakaribisha hawa? Mwanangu, si nimekwambia ufunge mdomo?"

Naufunga. Una komeo na kufuli. Ufunguo anauchukua, anaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kuanzia hapo naongea kwa pua, na hakuna anayeshangaa.

Nageuka kuingia ndani, lakini ndani si chumbani tena. Ni jikoni, na kuta zinapumua, kwa hiyo najua niko kifuani mwangu. Mpishi mmoja mnene amejifunga kibwebwe, anakoroga sufuria kwa upawa. Kutoka kwenye bomba inasikika sauti ya Zuwena: "Njaa! Njaa!"

"Shikamoo," naamkia kwa pua.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Uji."

"Jana?"

"Uji."

"Una nini ndani?"

"Pilipili manga."

Anacheka mpaka upawa unamtoka mkononi. Kisha anaacha kucheka.

"Sikiliza, mama Zuwena. Sukari ya maziwa naitengeneza mwenyewe, hata ukiniletea uji mwaka mzima. Lakini mafuta yanafuata sahani yako. Yale mazuri ya ubongo nayapata kwa samaki. Samaki yuko wapi?"

"Yuko nje. Amekaa matanga."

"Na vitamini?"

"Ziko naye."

Anachungulia dirishani, anapaza sauti: "Mifupa! Leteni chokaa!"

Mifupa yangu inapanga foleni, kila mmoja na kikombe chake. Inamimina, inashukuru, inaondoka ikichechemea. Wa nyonga unaomba kiti. Mwisho kabisa linakuja gego langu, limevaa koti, limebeba begi.

"Wewe rudi," anasema mpishi. "Meno hatuchukui. Hayo ni maneno ya watu."

Gego linarudi kwa aibu.

"Mtoto wangu atapungukiwa?" nauliza.

"Ambacho wewe unacho, nitakunyang'anya, yeye hatajua. Ambacho wewe huna, na yeye hana. Mimi ni mpishi, si mchawi."

"Kwa hiyo analia kwa sababu ya uji?"

"Watoto hulia! Ana mdomo na hajui kuongea. Ulitaka aimbe?"

Napiga magoti. Sakafu ni ya vuguvugu. "Basi nichukue mimi chote, umpe yeye."

"Unadhani nafanya nini hapa?" anasema, na anaendelea kukoroga.

Natoka. Nje wanakunja mkeka. Kabichi amekwisha kunyauka, amebebwa na maharage. Yai ananipa mkono wa buriani, baridi.

"Tumesubiri, mama. Hatukufunguliwa."

"Mimi nabaki kidogo," anasema dagaa. "Nikizidiwa nitalala hapa hapa kizingitini. Lakini uwahi. Mama mkwe wako anaamka mapema kufagia."

Nikaamka. Kumekucha. Nje ufagio ulikuwa unakwaruza ua.

Nyumbani kwetu dagaa hawajaingia tangu walipokatazwa. Nilifungua mlango hata hivyo. Kizingitini alilala dagaa mmoja mkavu, kichwa kimeelekea chumbani kwangu.

"Hawa paka hawa!" alisema Bi Mize, akija na ufagio. "Nani kaleta uchafu huu?"

Niliinama kama ninayeweka ndala sawa. Nilipoinuka, dagaa alikuwa mdomoni, chini ya gego. Mkavu. Wa chumvi. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

"Umeokota nini, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Nakuuliza, mbona kimya?"

"Mm," nilijibu kwa pua.

Ndani, Zuwena akaanza kulia. Bi Mize akaegemeza ufagio ukutani, akasogea karibu, akawa ananitazama mdomo.