Mlango Mdogo wa Stoyna

Mlango mdogo ulipigiliwa misumari Jumatatu asubuhi. Nilikuwa jikoni nikimsuka Kalina nywele, na kila pigo la nyundo nililisikia.

Mtoto akageuza shingo. "Mama, Bibi Stoyna anatengeneza nini?"

"Hatengenezi kitu. Vaa viatu."

Kwetu Dolni Lozya, nje kidogo ya mji, mlango mdogo si pambo. Ni mbao chache zilizowekwa kwenye ukuta wa mawe kati ya nyumba na nyumba, hauna kufuli, na unasukumwa kutoka pande zote mbili. Mama mkwe wangu alipita hapo kwenda kuazima hamira. Mimi nilipita hapo na uchungu wa kumzaa Kalina, nimemwegemea Stoyna begani, kwa sababu gari lilikuwa upande wake. Ukigombana na jirani unamnunia, unamsengenya kanisani, unamwaga maji machafu karibu na vitunguu vyake. Lakini mlango huugusi. Ukiupigilia misumari umemwambia jirani kwamba kwako amekufa, bado kuzikwa tu.

Na Stoyna hakupigilia misumari ya kubahatisha. Alitumia ile mirefu ya kuezekea.

Mbele ya nyumba yake ndiko uliko Mtaa wa Shule. Kalina alikuwa anapita mlango mdogo, anakatiza kati ya mipilipili na kisima cha Stoyna, anatokea geti lake la mbele, na shule iko pale pale. Bila mlango huo inabidi uteremke mtaa wetu wote mpaka barabara kuu, uifuate hiyo barabara kuu isiyo na pa kukanyaga, malori ya changarawe yakikupangusa bega, kisha upande tena mtaa wa pili. Huku kwetu mitaa ilikatwa kwa ajili ya mizabibu, si watu: mirefu, sambamba, hakuna kichochoro cha kuunganisha mmoja na mwenzake. Tsvetan, mume wangu, anaendesha lori Ujerumani. Mimi natengeneza meno ya bandia mjini, na kazi inaanza saa moja asubuhi, shule ikiwa bado imefungwa. Kwa hiyo Kalina alikuwa akinywa chai kwa Stoyna na kuondoka kengele ikikaribia. Ndivyo tulivyoishi, na hatukumwomba mtu msaada.

Asubuhi hiyo nilimshika mkono tukapita barabarani. Nilifika kazini nimechelewa, viatu vimejaa tope. Bwana Plamen, mwenye maabara, alitazama saa ya ukutani, si mimi.

"Wiki hii nakuvumilia, Velichka. Wiki ijayo namtafuta mtu mwenye jirani mwema."

Jioni nilikwenda ukutani. Stoyna alikuwa upande wake akichoma pilipili hoho kwenye pipa, moshi umemzunguka, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shangazi Stoyna! Mlango umekukosea nini?"

"Mlango haujanikosea. Nimekosewa na mdomo wako."

"Mdomo wangu?"

"Nani alisimama ukumbini, mbele ya wale wenye kompyuta, akasema 'mtoto wangu anapita kwa Shangazi Stoyna'? Mimi? Mimi sijasoma chuo. Msomi ni wewe."

"Nilisema hivyo nikiomba njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara kuu! Nilisema mtoto hana pa kupita!"

"Basi wakasikia anapo." Akageuza pilipili kwa mkono mtupu, hata hakustuka na moto. "Jana nimeamka nimevaa gauni la kulalia, natoka kuteka maji. Nani yuko kisimani? Mwanamume na baiskeli, kaptula imembana kama soseji. Ananiambia, 'Habari za asubuhi, mama, naomba maji, programu inasema hapa kuna kisima.' Programu! Kisima cha marehemu mume wangu!"

"Ungemfukuza."

"Nimemfukuza kwa reki. Ameniitia mwenzake. Mwenzake amenipiga picha. Wamekanyaga mipilipili mitatu, Velichka, nikiitazama. Halafu unaniuliza mlango."

"Na Kalina je?"

Akazitoa pilipili motoni, moja moja. Kisha akasema, "Kalina ana mama," akaingia ndani.

Nikabaki na moshi.

Niseme wazi ilivyoanza. Majira ya kuchipua walikuja watafiti. Chuo kikuu kimoja cha kwetu, kingine cha Austria, manispaa ya Uholanzi, na fedha za Ulaya. Kazi yao, walisema, ilikuwa kuleta huduma karibu na watu katika mitaa yenye nyumba chache zilizotawanyika: shule, duka, zahanati, kila kitu ndani ya dakika kumi na tano kwa miguu. Mkuu wao wa huku aliitwa Daktari Radostin, kijana msafi wa kola, asiyetibu chochote. Alitupa karatasi na vibandiko vya rangi, akatuuliza tunapita wapi. Stoyna aliwapitisha mlango wake mdogo yeye mwenyewe, akawapa jibini na nyanya, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mimi nilisema shida yangu ya barabara. Wote waliandika.

Walichojenga ni mshale wa kijani. Waliupaka ukutani kwangu tukiwa kazini, wakaupaka tena kwenye nguzo ya geti la Stoyna, na njia ya uani wakaichora kwenye ramani ya simu kama njia ya watu wote. Nilipompigia Radostin simu kiangazi kulalamika, alinijibu kwa furaha.

"Lakini, bibie, ninyi ndio mfano wetu bora! Kabla ya utafiti mtaa wenu ulikuwa mwekundu kwenye ramani. Sasa ni wa kijani. Mtoto wako anafika shule ndani ya dakika nne!"

"Anafika kwa sababu ya mama mmoja mzee mwenye moyo. Hiyo si njia. Ni fadhili zake."

"Ndiyo, ndiyo. Sisi tunaiita rasilimali ya jamii."

Nikakata simu. Maombi yangu ya njia ya miguu yalikwenda manispaa, na manispaa ikajibu kwamba kwa mujibu wa utafiti wa kimataifa mtaa wetu una njia salama ya kwenda shule, kwa hiyo tusubiri, wengine wana shida zaidi.

Ndiyo maana Jumatano, Radostin aliponisubiri nje ya maabara na shada la maua, nilijua anataka kitu.

"Bi Velichka, Ijumaa wanakuja wabia. Bi Hedwig kutoka Vienna, ndiye anayeamua kama awamu ya pili itakuwepo. Wanataka kutembea Njia ya Kijani kutoka kwako mpaka shuleni. Nimepita leo. Mlango umefungwa."

"Umefungwa."

"Nimegonga kwa yule mama. Amenimwagia maji."

"Safi au machafu?"

Akatazama suruali yake. "Nadhani ya kuoshea chupa."

"Basi bado anakuheshimu."

"Tafadhali. Wewe anakusikiliza. Afungue saa moja tu. Wakishaondoka, afunge akipenda."

Nilimtazama vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya ningempiga na maua yake.

"Na mwanangu Jumatatu atapita wapi?"

"Hilo ni la manispaa. Sisi hatujengi, bibie. Sisi tunapima."

"Ufute mstari kwenye ramani."

"Siwezi kufuta takwimu kabla ya ziara! Tukiufuta, mtaa wote unarudi kuwa mwekundu."

"Kwani ni wa rangi gani?"

Akanisogezea shada. Nikachukua maua, kwa sababu maua hayana kosa, nikamwambia, "Walete Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi. Nitawatembeza mwenyewe mpaka shuleni."

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Masikini, alidhani tumeelewana.

Ijumaa nilimwambia Bwana Plamen naumwa jino. Alicheka peke yake. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Walikuja watu sita na gari dogo, naibu meya akiwa mbele amevaa tai, Radostin na mwavuli, na Bi Hedwig, mwanamama mrefu mwenye mvi fupi na viatu vyeupe vya kutembelea. Kalina alikuwa amesimama getini na mkoba mgongoni.

"Huyu ndiye mwanafunzi?" Bi Hedwig aliuliza, Radostin akitafsiri.

"Ndiye," nikasema. "Leo mtakwenda naye shule."

Naibu meya alianza kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye mshale. Nikamwita.

"Siyo huko, mheshimiwa. Huko ni kwa watu."

"Lakini njia..."

"Njia ni hii." Nikaonyesha mtaani. "Mwendo, Kalina. Waonyeshe."

Radostin akanisogelea, sauti chini. "Bi Velichka, unafanya nini?"

"Nakupimia."

Mtoto akatangulia, sisi nyuma. Mpaka mwisho wa mtaa wetu ilikuwa matope tu, na naibu meya alijaribu kuchekesha watu kuhusu vuli. Tulipofika barabara kuu mizaha iliisha. Pale mtu anatembea mguu mmoja kwenye lami na mmoja mtaroni, hakuna namna nyingine. Lori la kwanza lilipita likapiga honi. La pili halikupiga honi, lilituogesha. Mwavuli wa Radostin uligeuka ndani nje. Bi Hedwig aliruka kukwepa, kiatu cheupe kikazama mtaroni mpaka kwenye kifundo, akaketi kwenye majani na kusema neno ambalo Radostin hakulitafsiri.

Kalina akamrudia, akampa mkono. "Upande huu, bibi. Ukisikia lori, simama ushike ile nguzo. Mama ndivyo anavyosema."

"Mtoto anasema nini?" Bi Hedwig aliuliza.

Radostin akawa anatafuta maneno. Basi nikasema mwenyewe, kwa Kijerumani changu cha kumuulizia mume wangu kwa simu kwenye maegesho ya malori. "Anasema ushike nguzo. Hii ndiyo njia. Ile nyingine ni bustani ya jirani yangu. Mmeichora bila kumuuliza, watu wameingia wakakanyaga, ameifunga. Kabla yenu mtoto wangu alikuwa na njia. Sasa ana mshale."

Naibu meya akaingilia, "Mama huyu ana hasira, kuna ugomvi wa majirani, mambo ya kawaida ya..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Wewe unakaa wapi? Kwako kuna njia ya miguu pande zote mbili na mbwa wako anapita."

Bi Hedwig alisimama, akakamua soksi. Hakunipa pole wala hakunishukuru, na nilimheshimu kwa hilo. Alimgeukia Radostin akamwuliza kama mwenye bustani aliwahi kuulizwa, na Radostin akawa mwekundu kuliko ramani yoyote. Tulitembea mpaka shuleni kwa mstari mmoja, Kalina mbele. Tulifika kengele imeshalia. Kalina aliingia mbio, soksi zimelowa.

Tukirudi, tulipopita mbele ya geti la Stoyna, nilimwona nyuma ya pazia. Aliona msafara wote: tai yenye tope, mwavuli uliovunjika, kiatu cheupe ambacho hakikuwa cheupe tena. Pazia likatikisika. Najua alikuwa akicheka, ila asingekiri hata ukimwapisha.

Jioni Radostin alinipigia simu. Mstari umefutwa. Mtaa ni mwekundu. Awamu ya pili haijulikani. Alisema, "Natumaini umefurahi."

"Sijafurahi. Njia ya miguu iko wapi?"

"Hilo ni..."

"La manispaa. Najua." Nikakata.

Nikachukua ndoo ya chokaa nikaufuta mshale ukutani kwangu. Kisha nikajaza chupa kwa achari yangu ya nyanya na pilipili, nikazunguka barabarani na taa mkononi, nikaiweka juu ya nguzo ya geti la Stoyna. Mshale wa pale nao nikaufuta. Hakutoka. Mbwa wake, aliyenijua tangu akiwa mdogo, alinibwekea kama mwizi.

Jumapili mchana, narudi kutoka kuanika nguo, nikasikia chuma kikilia kwenye mbao. Misumari ilikuwa inang'olewa. Nikasimama upande wangu wa ukuta, beseni tupu mkononi. Wa mwisho ulikuwa mgumu. Alimtukana aliyeutengeneza na mama yake. Mlango ukafunguka kidogo, uso wa Stoyna ukachungulia.

"Mtoto aje kesho. Chai itakuwepo."

"Asante, Shangazi."

"Usinishukuru. Mlango ni wa mtoto." Akaninyooshea koleo ya kung'olea misumari kama bunduki. "Wewe pita barabarani, na mdomo wako."

"Mpaka lini?"

"Nikifa nitakuarifu."

Akaufunga. Jumatatu nilifika kazini saa moja kasoro, na Bwana Plamen akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Jioni Kalina alirudi kwa mlango mdogo, nywele zimesukwa upya kwa mtindo wa kizamani, mkononi ana chupa yangu ya achari.

Niliipokea. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na ndani hamna kitu. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Unatia hata mayai mawili, hata kiganja cha kokwa za walnati. Stoyna anajua hilo kuliko mimi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema chumvi imezidi."

Nikafungua sufuria, nikaijaza tena mpaka shingoni, nikaifunga kwa nguvu. "Kesho umpelekee," nikamwambia mtoto. "Tuone nani atachoka kwanza."