Pini Nyeupe ya Eric Threlgarth

"Sasa, jina niandike lipi?" aliuliza Sewell, mchonga mawe ya makaburi, na kwa swali hilo akawa ameitia nyumba nzima kiberiti.

Winifred alikuwa anakata mkate wa tangawizi. Hata hakuinua uso. "Eric Threlgarth. Kuna jingine?"

"Lipo," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kiti cha karibu na jiko. "Eric Pattinson. Andika hilo, Sewell. Ndilo nililomzaa nalo."

Sewell alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa mtu aliyechagua kufanya kazi na mawe ili asisumbuane na watu. "Mimi nikishachonga nimechonga, akina mama. Jiwe halina kifutio. Jumatatu naanza kazi. Mkikubaliana nipigieni." Akavaa kofia akatoka, akaiacha chai yake inafuka.

Winifred aliweka kisu chini. "Mama, mbele ya watu?"

"Ulitaka nisemee wapi? Chooni?"

Bi Agnes Pattinson alikuwa amefika juzi yake kutoka bonde la ng'ambo ya mlima, kwa teksi, na sanduku. Winifred alipoliona lile sanduku alijua huyu hakuja kusalimia. Eric, mume wa Winifred, alikufa mwezi wa pili. Moyo ulimsimama akifukua kondoo waliofunikwa na theluji. Sasa udongo wa kaburi lake ulikuwa umeshatulia vya kutosha kubeba jiwe, na bibi wa miaka themanini na ushee, mgongo umepinda, masikio mazima kabisa, alikuwa amekuja kudai.

Kwa Winifred dai lenyewe lilikuwa tusi. Katika bonde hili la kina Winifred, kaskazini mwa Uingereza, jina ni la nyumba. Shamba linaitwa Threlgarth, limeitwa hivyo tangu kabla kanisa halijajengwa, na anayewasha moto jikoni mwake anaitwa Threlgarth. Nyumba ikijaliwa mabinti watupu, kama ilivyozoea nyumba ile, mwanamume anayekuja kuoa huliacha jina lake getini akachukua la ndani. Ndivyo alivyofanya baba yake Winifred, ndivyo alivyofanya na babu yake. Mchungaji alimwita Eric Threlgarth, daktari wa mifugo alimwita Threlgarth, mnadani walimwita Threlgarth, na hakuna siku aliyogeuka nyuma kutafuta anayeitwa ni nani. Leo huyu mama anataka alazwe kwa jina la kwingine, katikati ya safu nzima ya kina Threlgarth, kama mpita njia aliyeangukia pale!

"Alikubali mwenyewe," alisema Winifred. "Hakuna aliyemshika shati."

"Alikuwa kijana na alikuwa amekupenda. Ungemwambia ajiite Mbuzi angejiita Mbuzi."

"Miaka yote hiyo, Mama, hakulalamika hata mara moja."

"Kwako." Agnes aliivuta chai ya Sewell akaanza kuinywa, maana hakupenda kitu kipotee bure. "Siku ya harusi unaikumbuka? Nilimpa kondoo majike, wazuri, wana alama yetu ya bluu mgongoni. Baba yako hakungoja hata watu wamalize kula. Akatoka na kopo la rangi nyekundu, akawapaka alama yenu palepale uani, na sisi tumesimama na keki mkononi. Nikamwambia mume wangu, tazama, kondoo wamewapaka, na mtoto wamempaka."

"Kondoo akiingia malisho ya nyumba lazima awe na alama ya nyumba! Wangepotea mlimani ungekwenda kuwatafuta wewe?"

"Eric hakuwa kondoo."

Winifred alishika kisu tena, akakata mkate ambao hakuna aliyeuhitaji.

"Haya, nijibu hili," alisema Agnes. "Babu yako mzaa mama. Kabla hajaingia nyumba hii aliitwa nani?"

"Isaac."

"Isaac nani?"

Winifred alifungua mdomo. Baba yake kabla ya kuoa alikuwa Tyson, hilo alilijua, kwa sababu shangazi mmoja wa upande huo alikuwa akiwaletea jamu kila Krismasi. Lakini babu Isaac? Babu aliyemfundisha kunyoa kondoo, aliyempigia mluzi kutoka mlimani badala ya kumwita? Alitafuta kichwani, asipate kitu. Mahali pa jina palikuwa peupe. Hasira ikampanda mara mbili, kwanza kwa kuulizwa, kisha kwa kutojua.

"Hayakuhusu."

"Ndivyo mlivyo," alisema Agnes. "Mnawameza wazimawazima."

"Kesho unakwenda na mimi ukumbini," alisema Winifred. "Ukaone kwa macho yako mwanao alikuwa nani."

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa Chama cha Jina la Threlgarth. Chama hicho kilikuwa cha Clifford Threlgarth, mhasibu mstaafu kutoka Burnley, kule kwenye miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire. Tangu alipoacha kazi alikuwa akiwasaka Threlgarth wote wa Uingereza, walio hai na waliokufa, katika vitabu vya simu na rejesta za makanisa, na mwaka huu aliamua wanachama wakutane bondeni, mahali jina lilipozaliwa. Alimpigia Winifred simu kuomba picha ya Eric. "Marehemu mume wako, bibi, ndiye Threlgarth mwanamume wa mwisho hapo bondeni," alimwambia. Winifred alimpa picha nzuri kuliko zote, Eric kwenye maonyesho na kondoo dume aliyeshinda, na maneno yale aliyahifadhi. Aliona yatamfunga Agnes mdomo.

Ukumbi wa kijiji ulijaa wageni wenye makoti ya mvua mapya. Mezani kulikuwa na sandwichi za nyama ya nguruwe, skonzi na birika kubwa la chai. Ukutani palitundikwa ramani ya nchi nzima, pana kama mlango wa ghala, juu ya ubao laini uliochomekwa pini nyekundu na nyeupe, kila moja na jina la mtu kwa herufi ndogo. Scotland tupu. Wales tupu. Kusini pini moja hapa, nyingine kule, kama zimedondoka bahati mbaya. Kisha kundi moja kubwa Burnley, na kundi jingine dogo juu kaskazini, kwenye bonde lao. Zaidi ya hapo hapakuwa na Threlgarth. Jina zima la watu lingeweza kumalizwa na mafua ya msimu mmoja.

Agnes alikaa mstari wa mbele na fimbo yake magotini. Winifred alikaa pembeni yake, mikono ameikunja kifuani.

Clifford alieleza vizuri, na alijua kwamba anaeleza vizuri. Alisema jina lilianza na shamba moja, halikuwahi kuwa na la pili. Alisema shamba lilikuwa dogo, watoto wengi, na zamani hizo kijana mmoja, Anthony Threlgarth, alivuka milima kwa miguu kwenda kutafuta kazi viwandani asife njaa. "Na kwa huyo Anthony," alisema akigonga Burnley kwa kijiti, "ndiko tulikotoka sisi."

"Mbona nyie ni nyekundu, na huku ni nyeupe?" aliuliza Agnes. Sauti yake haikujua kunong'ona.

"Swali zuri sana, mama. Nyekundu ni wale wa damu. Baba hadi mwana, bila kukatika. Nyeupe ni wale waliolipata jina kwa kuoa. Tunawaheshimu mno, ila kwa hesabu za chama hawahesabiwi kama Threlgarth hasa."

Winifred aliikodolea macho ramani. Bonde lote lilikuwa jeupe. Baba yake, nyeupe. Babu Isaac, nyeupe. Eric, nyeupe. Yaani pini zao zilikaa pale kama mavi ya ndege juu ya jiwe.

"Uliniambia ni Threlgarth wa mwisho," alisema, akasimama bila kujua amesimama.

"Mwanamume wa mwisho anayetumia jina, bibi."

"Anayetumia! Kwani alikuwa ameliazima?"

"Kitaalamu tu..."

"Na mimi? Pini yangu iko wapi?"

Clifford alitabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliochoma. "Wanawake hatuwawekei pini. Majina yao hubadilika."

"Langu halijabadilika tangu nizaliwe!"

Watu wawili wa Burnley walicheka. Clifford hakucheka, ila aliendelea kufafanua, kosa ambalo mtu mwenye mke angejua kuliepuka. "Ndiyo ajabu ya majina haya adimu. Chimbuko liko hapa, lakini ukoo wenyewe umeshahamia kwetu. Kwa kusema kweli, shambani Threlgarth hakujakuwa na Threlgarth kwa muda mrefu sana."

Winifred alianza kutafuta tusi la kumtosha. Kabla hajalipata alisikia fimbo ikigonga sakafu. Agnes alikuwa ameinuka anakwenda kwenye ramani, na Winifred akaona yanayokuja. Sasa atasema. Atawageukia watu wote hawa awaambie, mmesikia, wenyewe hawamtaki, nirudishieni Pattinson wangu. Na nitamjibu nini?

Agnes alisogeza uso hadi pua ikakaribia karatasi. "Ya mwanangu ipi?"

"Hiyo ya juu, mama, lakini tafadhali usiigu..."

Agnes aliing'oa. "Wewe hilo jina lako ulilipataje?"

"Nilizaliwa nalo."

"Ukatoa nini?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mwanangu alitoa lake. Lilikuwa jina zuri, halina doa, na mimi nililia alipolitoa. Akalichukua hilo lenu, akalipandisha mlimani kila asubuhi, mvua, theluji, mpaka likamuulia hukohuko. Wewe umelikalia Burnley kwenye kochi. Nipe nyekundu."

"Kanuni za chama..."

"Nimekuuliza kanuni mimi? Mimi jina lenu silipendi, silipendi kabisa, nimelichukia tangu siku ya harusi. Lakini kama mlichukua lake mkampa hili, basi ni lake lote. Hamtampa robo. Nipe pini!"

Clifford aliwatazama wajumbe wa kamati yake. Wajumbe walikuwa wanazitazama skonzi. Winifred tayari alikuwa ameshafika kwenye meza na kopo la pini liko mkononi mwake. Alitoa moja nyekundu akamwekea Agnes kiganjani, na Agnes akajaribu kuichomeka, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa, pini haiingii. Winifred aliweka dole gumba lake juu ya la mama mkwe wake, akasukuma.

Kisha hakuacha. Aling'oa nyeupe ya baba yake akaweka nyekundu. Aling'oa ya Isaac. "Isaac nani sijui," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "lakini na yeye." Akaziendea nyingine zote za bondeni, moja baada ya moja, nyeupe zikidondoka sakafuni na kuingia chini ya viti.

"Mnaharibu kazi ya miaka!" alisema Clifford.

"Na hii yangu," alisema Winifred, akaichomeka katikati ya bonde kwa nguvu mpaka ikapinda. Akabandua picha ya Eric ukutani, akamshika Agnes mkono, wakatoka.

Nje mvua ilikuwa inanyesha mshazari, kama kawaida yake. Walikaa ndani ya Landrova bila kuiwasha, vioo vikifanya ukungu, kila mmoja akihema kivyake. Agnes bado alikuwa ameishika ile pini nyeupe ya Eric.

Hasira ya Winifred ilikuwa haijapata pa kukaa. Alikuwa amemkasirikia Clifford, hilo rahisi. Alikuwa amemkasirikia Agnes kwa kumtetea Eric kabla yake, na vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Na chini ya hizo kulikuwa na nyingine, ya zamani, aliyokuwa hajawahi kuiita hasira: Eric kwenye lango la makaburi ya bonde la ng'ambo, siku walipomzika baba yake, akiwatazama kina Pattinson wakipanga foleni ya familia, naye hajui asimame wapi. Siku ile Winifred alimvuta mkono akamwambia wawahi kukamua ng'ombe.

"Nitampigia Sewell," alisema. "Aandike Pattinson."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Bado nimekukasirikia, tena sana. Kwenye ramani yao ni Threlgarth, na yule bwana akiitoa ile pini nitamfuata Burnley hukohuko. Lakini siku moja mtu atasimama pale makaburini aulize huyu alikuwa mtoto wa nani. Asikute patupu kama nilivyokuta mimi. Aandike, Eric Pattinson, wa Threlgarth."

Agnes alifikiri. "Hilo 'wa Threlgarth' liwe dogo."

"Litakuwa saizi moja."

"Dogo kidogo tu."

"Mama, nitakushusha hapahapa kwenye mvua."

Agnes alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Alifungua dirisha, akaitupa pini nyeupe nje, akalifunga. "Basi washa gari, nimeganda."

Winifred aligusa ufunguo, akauacha. Alikuwa anautazama mlango wa ukumbi. Yule mtu alikuwa na rejesta zote. Mtu aliyempa Isaac pini nyeupe lazima alijua Isaac alikuwa nani kabla ya kupewa jina.

"Unakwenda wapi tena?" aliuliza Agnes.

"Sijamaliza naye."

Alivuka uwanja kwenye mvua bila kofia. Ndani, Clifford alikuwa amepiga magoti anaokota pini chini ya viti, na wageni wake walikuwa wameanza kunywa chai kimyakimya. Wote waligeuka mlango ulipogonga ukuta.

"Bwana Clifford," alisema Winifred, maji yakimchuruzika. "Acha hizo. Isaac nani?"