Moto Usio na Sufuria

Kwenye jumba la makumbusho hapa Houston nalinda chumba cha tisa. Humo kuna picha kubwa ya rangi za mafuta: kambi ya askari wa Ulaya, miaka karibu mia nne iliyopita. Nimeilinda miezi miwili na inaniudhi. Farasi wa kapteni amepakwa rangi nyeupe nzito mpaka imetuna juu ya turubai. Wanawake wanne wa pembeni, walioketi chini kuzunguka moto, wamebaniwa: rangi ya udongo, nyepesi, hata nyuzi za turubai zinaonekana. Mchoraji alijua nani ana thamani kwake.

Jumapili, nikiwa zamu, mama alikuja kwa basi kutoka mtaani kwetu Gulfton aone kazi yangu. Mama hakumtazama yule farasi kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwa wale wanawake.

"Aba bamama beko ku kilio," alisema.

"Hapana, Mama. Banaota moto." Ndivyo kibao cha ukutani kinavyosema.

"Na jua hii yote? Moto iko, sufuria haiko. Na miguu bamenyoosha."

Niliangalia. Kweli, kwenye picha jua lilikuwa kali na sufuria haikuwepo; na kwetu, kwenye kilio, yaani matanga, ndivyo wanawake wanavyoketi: chini, kuzunguka moto, miguu wamenyoosha.

Mama akavua viatu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Niliingiwa na hofu. Kuketi pale ni marufuku, na mimi bado niko kwenye majaribio; zimebaki wiki mbili.

"Mama, simama. Batanifukuza kazi."

"Heritier hatukumulilia," alisema, macho kwenye ule moto.

Heritier, mdogo wangu, alizikwa asubuhi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na saa nane mchana siku hiyohiyo tukapanda basi la kwenda uwanja wa ndege, kuja huku. Tungelikosa, tungengoja miaka mingine. Hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyeketi naye. Tuna miaka kumi na moja Texas, na mama hakuwahi kuitaja siku ile. Nilidhani amesahau, na moyoni nilimchukia kwa hilo.

Msimamizi wangu akaja, akauliza kwa Kiingereza kwa nini simwinui huyu mama.

"Ni mama yangu," nilisema. "Tumefiwa."

Akashusha sauti. "Pole sana. Lini?"

Nilivua viatu vya kazi, nikaketi kando ya mama, nikanyoosha miguu.

"Leo ni siku ya kwanza," nilimjibu.