Faili la Singo ya Moza

"Nipe hiyo diski, dada Hajira. Kwangu kuna mashine ya zamani, dakika tano tu imefunguka."

Ridhiwani, fundi wa duka la chini, alikuwa amekinga mkono juu ya kaunta yangu.

"Ukiifungua utaona," nikamwambia.

"Nitafumba macho!" Akacheka. "Simu ngapi za wake za watu zinapita kwangu? Nimemtangaza nani?"

Hakusema kwamba hatazami. Nikairudisha diski mkobani.

Miaka miwili imepita tangu hapo. Kazi yangu, ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu, ilikuwa kupiga video za singo, sherehe ya kumsinga bibi harusi: wanawake peke yao, vichwa wazi, khanga kiunoni. Wateja walinichagua kwa ahadi moja, kwamba hakuna mwanamume atakayeona. Kila sherehe niliibana ikawa faili moja, nikalifunga kwa neno la siri, nikaliweka kwenye diski, kisha nikafuta picha za awali. Kompyuta yangu ilipokufa nilinunua mpya, yenye prosesa, yaani ubongo wake, ya aina nyingine, na sikuijaribu programu yangu ya kubana mafaili. Nilidhani programu ni programu.

Moza alikuja siku ya kumi na mbili baada ya mama yake kuzikwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu."

"Mama hakupenda picha. Nimebaki na ya kitambulisho tu." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Lakini kwenye singo yangu alicheza. Naomba nimwone anavyotembea."

Nilibonyeza faili. Programu ilikataa hata kuanza: iliandikwa kwa ajili ya prosesa za zamani, na hii mpya haikuzielewa amri zake. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu.

Siku ya kwanza nilisoma na kujaribu. Programu nyingi zilizojisifu kuwa zinafaa zilitegemea mkalimani, programu ya kati inayotafsiri kila amri. Moja ilifika asilimia sabini, feni ya kompyuta ikinguruma, ikasimama bila maelezo. Nyingine iliandikwa kwa ajili ya prosesa yangu mpya hasa, ila haikulijua faili la aina yangu. Siku ya pili ndipo Ridhiwani alipopanda na mkono wake. Asubuhi ya tatu nikapata programu ndogo, isiyo na madoido, yenye sentensi niliyoitafuta: imeandikwa kwa ajili ya prosesa hii, inafungua aina hii. Niliandika neno la siri. Dakika nne, likafunguka. Feni haikusikika.

Nilitazama kwanza peke yangu, kuhakikisha picha ni nzima. Katika kipande cha kumi na saba mama yake Moza aliingia katikati ya duara, akacheza taratibu, mabega yametulia, kisha akaiona kamera. Akaisogelea mpaka uso wake ukajaa skrini.

"Mwanangu, hii yangu uifute. Sitaki kubaki humo."

Na sauti yangu, kutoka nyuma ya kamera: "Nitaifuta, mama."

Sikuifuta. Nilisahau. Sina maelezo mengine.

Ningeweza kumwambia Moza kwamba faili limeharibika. Ningeweza kukata zile sekunde kumi na moja za maneno yake, asijue kitu. Alipofika nilimweleza alichosema mama yake na nilichomjibu, kisha nikamwonyesha kipande chote.

Alitazama hadi mwisho.

"Rudisha pale anapoongea."

Nilirudisha mara tano. Mara zote tano mama yake alituomba tumfute.

"Ulimwahidi," Moza akasema.

"Nilimwahidi."

"Basi futa."

Nililibana upya faili la sherehe bila kipande kile, nikaliharibu la zamani. Ilibaki nakala moja ya kipande hicho, ile iliyokuwa mbele yetu. Nikaichagua. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nikamsogezea Moza kibodi, kwa sababu mimi sikuwa na uhakika wa kuijibu nao.

Aliweka kidole juu ya kitufe. Chini mtaani mtu mwenye spika alikuwa akinadi mashuka. Kidole hakikubonyeza wala hakikuondoka, na sote wawili tuliutazama ule uso wa mama yake uliosimama, mpaka skrini ikafifia, ikazimika yenyewe.