Banda la Kuni Ghorofa ya Tatu

Herminia alimshika dagaa kwa kiganja cha kulia, akapitisha kisu kwa mkono wa kushoto, akavuta mwiba wa kati ukatoka mzima kama uzi wa koti kuukuu. Akailaza minofu yote miwili juu ya kitambaa, akachukua dagaa mwingine. Dagaa hao walikuwa wamelala kwenye mapipa ya chumvi tangu Mei, na sasa ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba, wiki ambayo kila nyumba nchini hutaka mkebe wa dagaa mezani. Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Juu ya friji la zamani, redio ilikuwa inaimba namba.

Walioimba ni watoto wa shule, wakitangaza bahati nasibu ya Krismasi, mmoja namba, mwingine zawadi, tangu saa tatu asubuhi, kwa sauti ileile ya kanisani.

"Kisu," alinong'ona Nieves, aliyekaa ubavuni pake.

Herminia akakihamishia kisu mkono wa kulia, akakibana kati ya vidole viwili na kiganja, maana kidole gumba cha mkono huo hakikunjiki tena. Evaristo, msimamizi, akapita nyuma yao, akanyoosha shingo kutazama mikebe, akaendelea na safari yake. Alipofika mwisho wa ukumbi, kisu kikarudi kushoto.

Kidole hicho kilipondwa Februari, humohumo ukumbini, siku Herminia alipokuwa anatoa mawe ya kugandamizia dagaa juu ya pipa, jiwe moja likateleza. Evaristo mwenyewe ndiye aliyempeleka kliniki kwa gari lake. Njiani alizima redio, akasema, macho yakiwa barabarani, kwamba kampuni tayari ilikuwa na ajali nyingi, na kwamba ingekuwa vizuri kama kidole kingekuwa kimeumia nyumbani. "Sema mlango, mama Herminia. Mlango wa banda la kuni." Evaristo alikuwa mtoto wa mashambani, kwao kulikuwa na banda la kuni. Herminia akasema hivyo, daktari akaandika hivyo, na hakuna aliyeuliza banda la kuni linafanya nini ghorofa ya tatu, alikoishi Herminia.

Angesema kiwandani, bima ya kazi ingemlipia upasuaji na mshahara mpaka apone. Kwa kuwa alisema nyumbani, alikuwa bado kwenye foleni ya hospitali ya umma. Lakini kila Januari kampuni huwapigia simu inaowataka warudi kwa msimu mpya, na asiyepigiwa hukaa kwake. Herminia alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mwanamke wa umri huo asiyepigiwa simu na kiwanda, pale bandarini, hapigiwi na mtu mwingine.

"Mimi leo nikishinda," alisema Maribel, "namnunua mwenye nyumba wangu, yeye na nyumba yake. Halafu nampandishia kodi kila Januari. Akilalamika namwambia, pole baba, ndiyo hali ya soko."

"Mimi meno," alisema Nieves.

"Mangapi?"

"Yote. Juu na chini. Na chenji nanunulia nyama ya kuyajaribia."

Domitila, aliyekaa ng'ambo ya meza, alikuwa na ulimi mkali kuliko visu vyote vya mle ndani. Yeye angenunua ile fleti inayotazama lango la kiwanda. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi angekaa dirishani na gauni lake la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi, awapungie wenzake wakiingia kazini kwenye mvua.

"Roho mbaya wewe!"

"Ningewapungia kwa upendo. Na wewe Herminia? Utalikarabati lile banda la kuni?"

Meza nzima ikacheka. Herminia naye akacheka, kidogo.

"Mimi ningelala mpaka saa nne."

"Tajiri wa wapi huyo! Hata paka wangu analala mpaka saa nne, na hana senti."

"Mikono, mabibi, mikono," alisema Evaristo akirudi. "Mdomo hautoi miiba."

"Na wewe bosi, ungefanya nini?"

"Ningewafukuza nyote. Kisha ningejifukuza mwenyewe." Akapigapiga mfuko wa koti lake jeupe. Humo mlikuwa na tikiti, na namba yake ilikuwa ileile ya wanawake. Kila Desemba kiwanda kizima hununua namba moja, na wasio na imani na bahati nasibu hununua vilevile, kwa hofu tu. Nani angestahimili kubaki mezani peke yake na dagaa, siku wenzake wote wakiwa wameondoka matajiri? Namba ya mwaka huo ilikuwa thelathini na moja elfu, mia nne sitini na saba. Maribel alikuwa ameiandika kwa chaki juu ya redio.

Karibu na saa sita sauti ya mtoto redioni ikabadilika. Wote waliijua sauti ile. Mtoto huimba hivyo akiwa ameshika zawadi kubwa, ile wanayoiita Mnene. Visu vikasimama.

"Thelathini na moja elfu..." aliimba mtoto.

Nieves akamshika Herminia mkono.

"...mia nne..."

Kilichofuata ndicho kilicholeta yote. Kwa Kihispania, sitini na sabini hutofautiana kwa sauti moja ndogo katikati ya neno, na bomba lilikuwa linamwaga maji kwenye karai la bati. Maribel akasikia alichokuwa amekiandika kwa chaki. Akapiga ukelele. Domitila akapiga ukelele. Karai likaanguka. Namba hurudiwa mara nyingi pale redioni, lakini mle ndani hakuna aliyeisikia mara ya pili.

Cha ajabu, hakuna aliyetaja nyumba wala meno. Nieves aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kulia, kamasi zikimtoka. Domitila alikwenda kwenye bomba akalifunga, akasimama hapo akisikiliza ukimya wake. Maribel alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, kisha akakimbilia makabati ya nje, ambako simu zao hufungiwa hadi kazi iishe, akampigie mumewe. Evaristo alikuja akipanua mikono, akamkumbatia Herminia hata kofia zao zikaanguka.

Herminia akajisikia akisema, bila kupanga, mdomo ukiwa begani kwa Evaristo:

"Kidole changu kiliumia hapa."

"Najua, mama!" Evaristo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nani asiyejua? Si mimi niliyekwambia useme mlango? Wakubwa walinipigia simu, wakaniambia ajali moja zaidi na mimi nitafute pa kwenda. Nikaogopa. Nimekuwa naogopa tangu Februari. Kila nikikuona unabadilisha kisu mkono nageuka pembeni."

"Ulikuwa unaona?"

"Mimi si kipofu! Basi nisamehe. Kesho naenda mwenyewe ofisi ya ukaguzi wa kazi, nawaeleza yote. Tunakwenda pamoja. Kwa teksi!"

"Kwa teksi," alisema Herminia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajiona tajiri.

Maribel akarudi. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Hakuwa na haja ya kuwanyamazisha.

"Ni sabini," alisema. "Sabini na saba. Yetu ni sitini na saba."

Macho yote yakapanda kwenye chaki juu ya redio.

"Tarakimu ya mwisho ni ileile," akaongeza kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo tunarudishiwa hela ya tikiti, na kidogo juu yake."

Nieves akainuka juu ya ndoo, akaipindua ikasimama sawa, akafuta uso kwa kiwiko. Domitila akafungua bomba. Maribel akafuta chaki kwa kidole, akashindwa kuimaliza, akaacha namba imechafuka vile vile. Baada ya muda visu vikaanza tena, kimoja baada ya kingine.

Evaristo aliokota karai, akaokota kofia yake, akaiweka sawa. Alizunguka ukumbi mzima kabla ya kufika mezani kwao. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mama Herminia. Siku kama ya leo watu hupayuka. Wewe hukusema kitu, na mimi sikusema kitu. Sawa?"

Herminia alimtazama. Alimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Mama yake aliwahi kukaa kwenye meza hiyohiyo, upande wa dirishani. Evaristo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mapacha wanaosoma sekondari na mkopo wa nyumba, na simu ya ofisini ikilia yeye ndiye aliyelazimika kuipokea.

"Ulisema kesho," alisema.

"Nilisema nikiwa tajiri."

"Kidole changu hakikuwa na tikiti, mwanangu. Kilikuwa kimevunjika saa tano, na sasa hivi bado kimevunjika."

Evaristo akageukia wengine. Hakutisha, alikuwa kama anayeomba.

"Kwani kuna mtu aliyesikia chochote?"

"Mimi nilikuwa nje," alisema Maribel.

Nieves alikata mkia wa dagaa ambaye tayari hakuwa na mkia. "Mimi nilikuwa nalia," alisema, bila kuinua macho.

Maji yalitiririka. Herminia akajua ndiyo basi. Hakuwalaumu, naye alipokuwa kliniki alisema mlango.

"Mimi nimesikia," alisema Domitila. "Yote. Hadi ile ya teksi."

"Domitila, Januari iko karibu."

"Najua bosi. Huwa inakuja baada ya Desemba."

Evaristo akaenda zake kupanda ngazi za ofisini. Kwa muda mrefu hawakusikia mlango wa ofisi ukifungwa. Huenda alisimama tu pale ngazini.

Waliendelea kufanya kazi. Redio iliimba zawadi ndogo ndogo hata Maribel akaizima. King'ora cha saa nane kilipolia, pipa lililofunguliwa asubuhi lilikuwa limefika nusu. Desturi ya kiwanda ni kwamba pipa lililofunguliwa humalizwa, king'ora kilie kisilie, na muda huo haulipwi. Hakuna aliyewahi kuandika desturi hiyo mahali. Wanawake walibaki wamekaa, kama siku zote.

Herminia akafungua kamba za aproni.

Evaristo alikuwa ameshuka, amesimama kando ya pipa. "Bado halijaisha," alisema.

"Litaisha kesho. Na kesho nitachelewa. Ile ofisi inafunguliwa saa tatu."

Domitila akaanza kufungua aproni yake, akitukana fundo lililomgomea kwa maji. "Teksi au basi?"

"Basi."

"Afadhali. Kwenye teksi banda la kuni lisingeenea."

Nieves alicheka kabla hajajizuia, kisha akainama tena juu ya dagaa wake. Mikono ya Maribel ilikuwa nyuma ya kiuno, juu ya kamba za aproni. Ikakaa hapo kidogo, ikarudi mezani.

Kwenye ubao wa Herminia alikuwa amebaki dagaa mmoja aliyepasuliwa, mnofu mmoja umetoka, mwingine bado umeshika mwiba. Herminia alilowesha kitambaa, akakikamua kwa mkono wake mzima, akawafunika wote, huyo na wenzake ambao hawajaguswa. Evaristo alikuwa anatazama. Herminia akaweka kisu juu ya kitambaa, mpini ukielekea kushoto.