Mama Mkwe Ndani ya Boti

Wasike alikuwa dereva wa trekta huko Mwea, na trekta halikuwa na siri kwake. Lakini bwawa jipya lilipojaa na kuimeza barabara ya kwenda ng'ambo, msimamizi wao, Bwana Kihara, alimtazama tu akaamua. "Wasike, wewe ni mtu ya Western. Si nyinyi mumezaliwa kwa lake? Utashika hii boti."

Masikini Wasike alitoka miteremko ya Mlima Elgon, ambako mito huvukwa kwa kuruka mawe. Angesema. Hakusema, kwa kuwa kazi ya boti ilikuja na nyumba, na mkewe Nasirumbi alikuwa mjamzito. Mwoga akinyamaza hujichimbia shimo refu kuliko mwongo.

Kuendesha alijifunza upesi. Kuegesha ndiko kulikomtoa jasho. Kila alipolikaribia gati la mbao, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ukitafuta breki, na boti ikagonga nguzo puu. Ngatia, msaidizi wake, alisimama mbele akiwashika abiria mkono mmoja mmoja, la sivyo wangeoga. Juma lililopita mwalimu mmoja alioga kweli, tai shingoni.

Leo Ngatia alikuwa kwao Othaya, akimzika nyanya yake. Na abiria alikuwa mmoja tu: Mama Tryphosa, mamake Nasirumbi, aliyetoka Bungoma kuja kumwona mjukuu. Alikaa mbele, amempa Wasike mgongo, kama impasavyo mama mkwe. Kwao Wabukusu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumshika mkono. Akimgusa, ni aibu ya koo mbili, ya kuchinjiwa kondoo mbele ya wazee.

Basi boti ikiyumba, ama mama huyu ataanguka majini, ama Wasike atamdaka na kuivunja heshima yote.

Gati likatokea. Nasirumbi alikuwa amesimama hapo na mtoto mgongoni, kiganja mdomoni. Upepo ulikuwa ukiisukuma boti kutoka nyuma, na mbio zilikuwa zimezidi. Wasike alikata kona ghafla, maji yakamrukia mama mkwe, boti ikarudi katikati ya bwawa.

Mama Tryphosa alijipangusa shingo. Alilelewa huko chini kwenye mto Nzoia, watu wanakovuka kwa mtumbwi. Akaanza kuyaambia maji, kwa Kibukusu, bila kugeuka.

"Kwetu mtu hatui upepo ukiwa mgongoni. Huzunguka akaupa uso, na upepo wenyewe ukamshika. Wala hangoji kufika ndipo apunguze."

Hakuambiwa yeye, lakini Wasike alisikia. Alizunguka mpaka upande wa pili wa gati, upepo ukampiga usoni. Akazima injini mapema, mapema mno kwa maoni yake, na kimya kilichofuata kilimtisha kuliko makelele. Mguu ulitaka kukanyaga, akaukunja akaukalia. Boti iliteleza, ikapunguza mwendo, ikapunguza tena. Hofu ilimwambia washa injini. Aliogopa sana, na hakuwasha.

Ubavu wa boti uligusa nguzo, ukatulia. Wasike alizungusha kamba akafunga fundo, macho yasibanduke hapo, akingoja kusikia mtu akitumbukia.

Alisikia viatu vya plastiki juu ya mbao, kimoja, halafu cha pili. Alipothubutu kuinua macho, Mama Tryphosa alikuwa tayari kwenye gati, akimfungua mtoto mgongoni mwa Nasirumbi.

"Nitarudi Jumapili," alimwambia binti yake, kwa sauti ya kufika botini. "Na akija mtu mwingine kunivusha, sitapanda."

Wakashika njia ya nyumbani. Wasike alibaki ameshika kamba, akilia kidogo kwa furaha, na wao wote walikuwa wamempa mgongo.