Komeo la Maabara

Sheria ya Profesa ilikuwa moja: kipindi kikianza, mlango unatiwa komeo, na aliyechelewa shauri yake. Leo alikuwa ameketi nyuma ya maabara, karibu kabisa na mlango, akimpima ufundishaji mwanafunzi wake wa uzamili, yule ambaye darasa zima lilimwita Mama Nepi. Akifaulu, angepewa darasa lake mwenyewe muhula ujao. Akishindwa, arudi kusahihisha majaribio ya madarasa ya watu.

Alikuwa ubaoni, chaki mkononi, maziwa ya mtoto aliyemwachia mama mkwe yakimlowesha blauzi, ndipo mlango ulipogongwa kwa ngumi.

"Mwalimu, nifungulie! Wananiua!"

Sauti aliijua. Ilikuwa ya Kimya, kijana wa kiti cha mbele, aliyekataa kuwafanyia mtihani wenzake wawili.

"Endelea na somo," Profesa alisema. "Huyo saa anayo."

Kikasikika kishindo kizito, kama gunia limetupwa. Kisha kilio kilichokatika katikati. Chini ya mlango ukapenya mchirizi wa damu.

Mama Nepi alitupa chaki, akakimbia, akavuta komeo.

Kimya aliangukia ndani kifudifudi, sikio limechanika. Nyuma yake mmoja wa wale wenzake wawili, jitu zima na nondo ya chuma mkononi.

"Pisha, Mama Nepi! Nenda kanyonyeshe!"

Nondo ikashuka. Mama Nepi alijitupa juu ya Kimya. Ikampata begani, mfupa ukaalika, maumivu yakampanda hadi kwenye meno, akajing'ata ulimi. Kwa mkono uliobaki alinyakua stuli ya chuma, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Ikamkuta yule wa nondo kwenye taya. Meno mawili yakaruka sakafuni. Wa pili alipoingia, darasa zima lilimvamia kwa mateke, wakampiga, wakampiga, mpaka Mama Nepi mwenyewe akapasua sauti:

"Basi! Basi jamani, mtamuua!"

Wakaacha, wakihema.

Profesa alichomoza kutoka chini ya meza, miwani imepinda.

"Umevunja sheria ya mlango," alisema. "Siwezi kukupitisha."

Mama Nepi alikuwa amepiga magoti, skafu yake ameikandamiza kwenye sikio la Kimya, mkono wa pili unaning'inia tu.

"Basi nitarudia, Profesa. Uje muhula ujao, ukae palepale." Akatema damu pembeni. "Ila ukisikia mtu analia nje, usinisubiri mimi nitoke ubaoni. Wewe ndiye uliye karibu na komeo."